Mkono wa Saba

Mama bado anawaambia watu wa Kibosho
kwamba nipo kiwanda cha sukari.
Kule nilikuwa na namba, ovaroli, bima,
mshahara tarehe ishirini na tano, inyeshe isinyeshe.
Hapa nina ufunguo wa gereji ya kupanga, Pasua,
na asilimia moja na nusu
ya kitu ambacho hakijawa.

Hakijawa, lakini kinasogea.
Mkono wa kwanza ulikuwa wa mbao, ukavunjika kiwiko.
Wa pili uliungua, tukaunusa siku tatu.
Wa nne ulimzaba Anaeli kibao cha haki,
alikuwa ndiyo kwanza ametutangazia
kwamba mishahara itachelewa.
Huu ni wa saba.
Bega lake ni mota ya waipa ya Landkruza iliyokufa,
tuliipata Mbuyuni, kwa mangi wa vyuma chakavu.
Akauliza, "Mnafufua gari?"
Tukasema, "Tunatengeneza mkono."
Akapunguza bei, akidhani tuna mgonjwa.

Ukiniuliza raha ya kazi hii, nitakuambia:
hakuna wa kukukataza, "Hilo si lako."
Asubuhi mimi ni fundi, saa nne mhasibu,
mchana nafagia, usiku naandika barua
kwa bwana mmoja wa Uholanzi anayetuita familia.
Kwa miezi kumi na tisa nimejua mengi
kuliko miaka sita ya kukaza nati zilezile.
Ukiniuliza karaha yake,
ni hayohayo. Rudi juu usome tena.

Na mwekezaji ni kama Kibo wakati wa masika:
anatokea alfajiri, dakika kumi, mweupe, mkubwa,
unakimbia kumwita mwenzako aje aone,
mnarudi,
wingu.

Mwezi wa nne tulilipwa wa pili.
Nilimwonyesha mwenye nyumba video ya mkono ukiokota.
Aliitazama mpaka mwisho, akairudisha nyuma,
akaitazama tena.
"Mkono mzuri," akasema.
"Sasa uagize ulete kodi."

Halafu kuna shangazi Ndewinia.
Miaka ishirini na minane anachambua kahawa
kwenye meza ndefu, yeye na wanawake arobaini,
vidole vinakwenda huku midomo inasimulia harusi.
Tulimwita aifundishe kamera.
Alikaa siku nne juu ya kreti ya soda,
picha baada ya picha:
nzuri, mbovu, nzuri, ina mdudu, nzuri, chachu, mbovu.
Punje elfu kumi na moja.
Ni yeye peke yake tuliyewahi kumlipa kwa wakati.
Siku ya mwisho akajifunga kitenge vizuri, akauliza,
wala hakuwa na hasira,
"Na hiki kikishajua, mimi mtaniweka wapi?"
Anaeli akaanza kueleza habari za soko.
Mimi nikainama chini ya meza
kutafuta skrubu ambayo haikuanguka.

Jana umeme ulirudi saa tano usiku.
Tukamwaga punje mia kwenye trei.
Mkono ukasimama juu yake, ukatetemeka kidogo,
kama mtu anayekumbuka jina,
ukashuka, ukachagua moja, ukaitenga.
Hakuna aliyepiga makofi.
Sifaeli alitoka nje, tukamsikia akilia kwenye giza la mabati.
Mimi niliifunga ile punje kwenye leso.
Kwa sukari yote ya kile kiwanda
nisingeuza dakika ile.

Asubuhi nikampelekea shangazi kabla hajaingia zamu.
Akaigeuza kwa dole gumba, akaipuliza,
akaisugua kwenye kanga.
"Hii ni nzuri," akasema. "Ina vumbi tu."
Akanirudishia kiganjani, akacheka.
Nami nikacheka, Mungu anajua kwa nini,
nikashuka Pasua kwa miguu
kuanza mkono wa nane.